Uji Ambao Mama Yako Hakuunywa

Zuhura mwanangu,

Ule uji mama yako hakuunywa. Nimeanza na hilo hata salamu sijatoa, kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitaingia kwenye mambo ya basi na begi, halafu nitasema karatasi imeisha. Hakuunywa. Hata ncha ya ulimi hakuweka. Bakuli nililikuta limejaa, na mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda kuumwaga nyuma ya choo, na bakuli lenyewe nikalifukia huko huko.

Haya. Nimeshaliandika, sasa siwezi kurudi nyuma.

Mambo ya safari sitayagusa. Shangazi yako Mwanahawa ameshakuambia usile vya njiani, usimwazime mtu simu, usikae dirisha la upande wa jua. Mimi Morogoro sijafika, na kupima ardhi sijui kunafanywaje, darasa la saba langu halikufika huko. Kitu ninachokijua ambacho wewe hukijui ni hiki kimoja, na nimekaa nacho miaka kumi na miwili. Naandika nikiwa stoo, nimekalia gunia la mbaazi, alasiri nimeshaswali. Nakusikia huko uani unabishana na mdogo wako. Sauti yako ikisogea nafunika karatasi kama mwizi.

Aliyenisukuma ni Rehema. Unakumbuka siku ile walipochomwa sindano shuleni, akarudi mkono ameushikilia kama umevunjika? Wewe ulikuwa umekwenda mjini kupiga picha za chuo. Akanikuta nachekecha alizeti.

"Baba, wametuchoma ya kuzuia saratani."

"Vizuri. Imeuma?"

"Kidogo. Baba, mama si alikufa na saratani?"

"Ndiyo."

"Hiyo hiyo?"

"Hapana. Hiyo mliyochanjwa ni ya shingo ya kizazi. Ya mama yenu ilikuwa ya titi."

Neno titi nililisema nikiangalia ukuta, mzee mzima. Rehema akawa anakwangua ukucha wake. Halafu akauliza polepole, "Kwa hiyo ni mimi? Kwa vile nilikuwa nanyonya?"

Zuhura, chekecheke lilinitoka mkononi. Mtoto alikuwa na mwaka na miezi. Sura ya mama yake haijui mpaka aangalie picha. Na bado alikuwa amejitafutia kosa, akalipata, akakaa nalo kimya na sisi tunakula naye sahani moja. Nilimwambia hapana, hapana, mpaka akanionea huruma, "Basi baba, nimesikia." Akaenda zake kuteka maji. Mimi nikabaki pale. Huyu hakufanya chochote na hakuambiwa chochote na mtu. Na yule dada yake, ambaye nilimwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya majirani?

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nimejaribu kukuambia mara tatu. Mara ya kwanza nilikuita, ukaja, nikakuuliza kama umenunua dawa ya meno.

Ngoja nianze pale kosa lilipoanza, maana halikuanza na wewe.

Mwaka ule mahindi yalikuwa mengi. Nilikuwa nazunguka vijijini kununua, leo Dirma, kesho Gehandu, narudi na lori limejaa. Jioni moja tunapanga magunia, mama yako akanivuta nyuma ya mlango, akachukua mkono wangu, akaubonyeza pembeni ya titi lake. "Sikia. Kama harage." Nikasikia. Gumu, halisogei. Nikamwambia hayo ni maziwa yameganda, mtoto ananyonya upande mmoja, kanda na kitambaa cha moto. Akakanda. Zuhura, alikanda miezi mitano! Kila akiniambia bado lipo, nilimjibu kama mtu aliyesomea.

Watu wakiniuliza nasema shughuli zilikuwa nyingi. Hapana. Niliona aibu. Daktari wa zahanati alikuwa kijana wa kiume, amepangiwa kazi hapa kutoka mkoa mwingine, na tulikuwa tunaswali naye msikiti mmoja. Nikawaza, akishamwona mke wangu kifua wazi, Ijumaa nitampaje mkono? Hicho ndicho kilichonizuia. Siku tuliyokwenda, ngozi pale ilikuwa imeshakunjamana kama ganda la chungwa. Yule kijana hakuona aibu yoyote, alifanya kazi yake. Alisema tu, "Mzee, mngekuja mapema," akaandika karatasi ya rufaa. Ijumaa ile ile alinipa mkono kama kawaida. Mimi ndiye sikuweza kumwangalia.

Hospitali kubwa walimkata titi, wakamtundikia dripu za dawa, nywele zikanyonyoka. Aliporudi nyumbani na kitambaa kichwani ndipo ulipoanza maswali. Ulikuwa na miaka saba. Ulinifuata humu humu stoo.

"Baba, mama ana nini?"

Na mimi nikajiona nina akili. Nikaona nisikutishe kwa neno saratani, nikuambie kwa kitu unachokijua. Nikafungua gunia la mahindi ya mwaka wa nyuma, lile lililokuwa limeshaharibika, nikachukua punje moja yenye tundu nikakuwekea kiganjani. Unga wake ukakumwagikia.

"Unaona? Huyu ni dumuzi. Anaingia ndani ya punje anakula, kwa nje huoni. Mama naye ana dumuzi wake."

"Wakubwa?"

"Wadogo sana. Hawaonekani."

"Sasa si tumwekee dawa?"

"Hospitali watamwekea."

Nikafunga gunia nikatoka. Nilijisikia vizuri kabisa. Nilimwambia hata shangazi yako, mtoto nimemweleza ameelewa.

Kweli ulielewa. Ulielewa kuliko nilivyotaka. Kila mavuno ulikuwa unatuona tunatandika turubai uani, tunamwaga mahindi, tunajifunga kanga puani, tunanyunyiza dawa ya unga na kugeuza kwa koleo. Ulijua tukifanya hivyo dumuzi wanakufa na mahindi yanabaki mazima mpaka msimu mwingine. Hakuna aliyekuambia uongo kuhusu hilo, uliliona kwa macho.

Halafu hospitali wakaturudisha. Nikampigia simu mjomba wako nikiwa stoo, nikamwambia dawa za hospitali zimeshindwa. Sikuangalia nani yuko nyuma ya magunia.

Kesho yake asubuhi shangazi yako alipika uji wa ulezi, akakupa umpelekee mama. Ukapitia stoo. Mimi nilikuwa ukumbini navaa viatu, nikasikia mnaongea chumbani.

"Zuhura, umeweka nini humu?"

"Dawa."

"Dawa gani, mama?"

"Ya dumuzi. Kunywa yote, wafe."

Niliingia. Mama yako amekaa kitandani, bakuli ameliweka mbali na uso, ameshanusa. Wewe umesimama karibu yake mikono myeupe mpaka kwenye vifundo. Sikuuliza. Nilikupiga kofi ukaangukia ndoo, nikakupiga tena ukiwa chini, na nikasema lile neno. Unalijua. "Unataka kumuua mama yako?" Nilipaza sauti mpaka mama wa nyumba ya pili akaja dirishani.

Mama yako alikuwa anasema, "Mwache! Baba Zuhura, mwache mtoto!" Kuinuka hakuweza.

Hukulia. Mpaka leo ningetamani ungelia. Ulikuwa unaangalia mikono yako. Shangazi ndiye aliyekuosha kwa sabuni mara tatu, na hilo ndilo jambo pekee lililofanywa sawasawa siku ile. Ile dawa haikupaswa kukaa mahali mtoto anafika. Hilo nalo ni langu.

Siku iliyofuata nilikupakia kwenye pikipiki nikakupeleka kwa bibi yako, Gehandu. Njia nzima ulikuwa umeshika shati langu kwa vidole viwili tu. Bibi yako akatoka, ukamwamkia, akakuangalia. Nikamwambia huyu ni mtundu, akae huku mpaka hali itulie.

"Mtundu gani anayetetemeka hivi?" mama yangu akaniuliza.

"Baridi ya njiani."

"Ramadhani. Umefanya nini?"

Nikawasha pikipiki.

Hapa nimesimama kidogo. Ameingia mtu anaulizia mbaazi, nimemwambia aje kesho mchana. Amenikuta na machozi akadhani ni vumbi la magunia. Nikaitikia, ni vumbi.

Niliporudi kutoka Gehandu mama yako alikuwa ananingoja.

"Mtoto yuko wapi?"

"Nimempeleka kwa bibi yake."

"Nani alimwambia mimi nina dumuzi?"

Nikaanza kufungua kamba za viatu.

"Nakuuliza wewe, Baba Zuhura."

"Mimi."

Unajua alifanya nini? Alicheka. Ameshika kidonda chake huku anacheka, inamuuma na anaendelea. "Basi kafanya unachofanya wewe kila mwaka. Humu ndani wote mnanifuta jasho na kuniangalia. Huyo peke yake ndiye aliyejaribu kuniponya." Halafu kicheko kikaisha. "Nenda kaniletee."

Nikasema kesho. Kesho yake mvua ikanyesha, nikasema barabara imekatika. Zuhura, barabara haikuwa imekatika. Wiki hiyo hiyo mimi nilikwenda mnadani nikarudi na matope mpaka magotini, yeye akayaangalia hayo matope. Kila asubuhi alikuwa anauliza, "Barabara wamefikia wapi?" Na mimi kila asubuhi nilikuwa na jibu. Leo maji yamejaa korongoni. Leo kuna lori limekwama. Wiki sita.

Niliogopa nini? Niliogopa ungekuja, ungesimama pale pale, ungeniuliza mbele yake kwa nini nilikupiga. Mtoto wa miaka saba. Niliogopa swali la mtoto wa miaka saba kuliko nilivyomwogopa Mungu.

Na kibaya zaidi, katikati ya hizo wiki nilikuwa nimeshafundishwa. Nilikwenda hospitali kumchukulia dawa ya maumivu, nikamkuta nesi mmoja wa makamo, mwenyeji wa pwani, anaongea taratibu. Nikamweleza habari yako, nikitegemea atasema watoto wa siku hizi. Hakusema hivyo. Alishika mkono wangu huu wenye kovu la koleo.

"Hapa palifungaje, baba?"

"Palipona penyewe."

"Ngozi ikakua, ikaziba. Ilipomaliza ikafanya nini?"

"Ikaacha."

"Nani aliiambia iache?"

"Mungu."

Akatabasamu. "Haya. Mwili wetu umejengwa na vipande vidogo mno, havionekani kwa macho, na Mungu kavipa akili ya kukua na akili ya kuacha. Saratani ni pale vipande vichache vinapopoteza hiyo akili ya kuacha. Vinaongezeka tu, vinabanana, vinachukua nafasi ya vingine. Hakuna mdudu aliyeingia. Ni mwili wenyewe. Nenda ukamwambie mtoto hivyo. Na umwambie mambo mengine matatu, maana watoto hujiuliza haya hata wasipoyasema: kwamba si yeye aliyeleta, kwamba haimwambukizi, na kwamba kuna mtu atakayemlea."

Niliondoka pale na dawa mfukoni na maneno yote kichwani. Kutoka hapo kwenda Gehandu ni njia ambayo ningeweza kuipita nimefumba macho. Nikarudi nyumbani.

Kwa hiyo ngoja nikuambie sasa. Najua una miaka kumi na tisa na haya ulishayasoma shuleni kwa majina yake makubwa. Nisikilize hivyo hivyo, kama bado umekaa juu ya debe pale mlangoni, miguu haifiki chini.

Zuhura, unakumbuka ulipoanguka ukachubuka goti? Ngozi ilikua ikaziba, halafu ikaacha. Sasa kwenye titi la mama kuna kipande kidogo cha mwili wake ambacho kimesahau kuacha. Kinakua, kinakua. Kinaitwa saratani. Siyo dumuzi. Nilikosea kukuambia dumuzi. Dawa ya mahindi haiwezi kuitibu, ni sumu kwa mtu, ndiyo maana mama hakunywa. Hukuileta wewe. Si kwa sababu ulimwaga maziwa, si kwa sababu ulikataa kwenda madrasa, si kwa sababu ulimkasirisha. Haiambukizi. Unaweza kulala naye, kunywea kikombe chake, kumshika kichwa hicho kisicho na nywele. Madaktari wanajaribu. Kuna watu wanapona nayo, hasa wakiwahi. Mama hatukumwahisha, na hilo ni kosa la baba, si la mtoto. Huenda akafa. Akifa utalia na mimi nitalia, na mimi nitabaki na wewe.

Ni hayo tu. Nimeyasoma hapa kwa sauti ndogo kupima, hayajafika hata muda wa kuchemsha chai. Miaka kumi na miwili, kwa kitu kifupi kuliko chai.

Alifariki Jumanne asubuhi, jua limeshatoka. Kwa saratani, Zuhura. Ilikuwa imeshafika kwenye mapafu, hospitali walituonyesha kwenye picha kabla hata hujagusa ule uji. Sisi tunazika siku hiyo hiyo, na mimi nilichelewa kumtuma mtu Gehandu. Ulipofika na bibi yako, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wanakung'uta udongo. Ukaja mbele yangu, "Shikamoo baba." Nikaitikia marahaba. Ukaingia ndani. Uliniamkia kama mtu anavyomwamkia mgeni aliyekutana naye stendi, na tangu siku hiyo ni hivyo hivyo, heshima imejaa mpaka juu na hakuna kitu kingine.

Na nimekuona. Usidhani sikuona. Pilau unapika, maandazi unapika, ugali wako watu wanausifia. Uji hujawahi kupika katika nyumba hii. Rehema alipougua homa ile ya wiki mbili, ulikwenda kumwomba jirani aje akoroge, wewe ukasimama mlangoni. Chakula cha mgonjwa hukibebi. Mikono unanawa mpaka kwenye viwiko. Shangazi anasema huyu mtoto ni msafi. Mimi najua, na kila mara nilitoka nje nikajitafutia kazi.

Sikuombi usahau. Na sikuandikii ili unihurumie. Nilifikiri ukikua utajua mwenyewe, utapiga hesabu zako utaona uji haukunywewa. Lakini nani angekuambia? Waliokuwepo chumbani ni watatu. Mmoja amekufa, mmoja alikuwa chini anaangalia mikono yake, na mmoja ni mimi.

Kuna jambo moja la mwili wako, nalo lazima niliseme hata kama ni baba. Titi. Nimeliandika bila kuangalia ukuta. Kwa sababu mama yako alipata, wewe na Rehema mnatakiwa kuwaambia madaktari hivyo, na mnatakiwa kujipapasa wenyewe, na mkisikia kitu kama harage muende siku hiyo hiyo. Mtu asikuambie ni maziwa. Mumeo asikuambie, mama mkwe asikuambie. Hata mimi nikikuambia ngoja, usiningoje.

Sasa neno lake.

Siku tatu kabla hajafa, aliniita. Sauti ilikuwa imekwisha, nikainama. Akasema, "Barabara inapita. Pikipiki nazisikia usiku na mchana." Nikataka kusema kitu. "Nyamaza, sina nguvu ya kugombana. Mwanangu hutaniletea, nimeshajua. Basi ukimwona mwambie nilimwita. Kila siku nilimwita. Asije akadhani mama alimkataa kwa sababu ya uji." Akapumzika kidogo, nikadhani amelala. Akafungua macho. "Umwambie akiwa bado mdogo. Usingoje mpaka akue."

Nikamwahidi. Nilimshika mkono nikamwahidi.

Nilipoanza barua hii nilipanga kuisukumia chini kabisa ya begi lako, katikati ya nguo, ili uikute ukishapita Singida na mimi niko mbali, na mtandao ukiwa mbovu ndiyo nafuu. Ndivyo nilivyozoea kufanya. Hapana. Wewe bado uko uani, na jua bado lipo. Nakuletea mkononi, mbele ya Rehema, naye asome. Nitakaa pale kwenye kigoda mpaka umalize. Ukitaka kunipigia kelele, nipigie, majirani wasikie, walisikia na ile ya kwanza. Ukinyamaza mpaka basi liondoke asubuhi, nitanyamaza na wewe na begi nitakubebea. Ukiniuliza kwa nini sikuja kukuchukua, sitasema mvua.

Natoka sasa.

Baba yako,
Ramadhani